Shimo la Saba

Pampu imezimwa Jumatatu, baada ya adhuhuri.
Hatukujua kama ilikuwa na sauti
mpaka iliponyamaza.
Mize Vuai akatoka uani na povu mikononi,
akasimama kuusikiliza mfereji,
ule mmoja tuliopewa nje ya ukuta,
sadaka ya majani kwa watu.
Ukakohoa mara mbili, ukatema kutu.
"Machano! Kwani nyie huko ndani
mmekufa?"

Hatujafa, Bi Mize. Tumefilisika.
Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi
iliyobandikwa getini usiku:
hasara, madeni, wachezaji kupungua,
mishahara ya miezi mitatu itaangaliwa.
Nimeiangalia mimi. Haijaniangalia.

Miaka kumi na moja nimekata majani haya.
Nayajua kama kinyozi ajuavyo kichwa cha mteja:
wapi yanazunguka, wapi hayaoti,
wapi ukipita kwa pupa
jiwe la matumbawe linakula wembe.
Shimo la kwanza lilikuwa minazi ya akina Pandu.
La nne, njia ya wakulima wa mwani;
ikahamishwa, wakazunguka nusu saa
na magunia yanayochuruzika kichwani.
La saba lilikuwa muhogo wa mama yangu.

Alilipwa kwa hesabu ya mashina.
Akanunua mabati kumi na nane na redio,
na mpaka leo hukaa barazani akasema:
"Hapo penye bendera nikichimba muhogo
mnene kama paja la mtoto.
Sasa watu hupanda ndege saa kumi
waje watie kitu shimoni,
wakitoe tena."

Sikumjibu. Mshahara ulikuwa ukiingia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
mgeni kaja, nami nikapona kidogo,
nikasomesha wawili, nikaezeka choo.
Leo mgeni kaondoka bila kuaga
na mwenyeji anajipapasa,
anatafuta pale palipopona.

Jana tulikutana skuli ya Fukuchani,
chini ya feni isiyozunguka.
Sheha akasema tuwe na subira.
Kazija akasema subira haijazi ndoo.
Ussi mwenye ng'ombe akasema,
kwa upole wa mtu mwenye haja,
majani ni majani, kwa nini yaharibike?
Vijana waliokuwa wakiokota mipira vichakani
na kuwauzia walewale walioipoteza
walikaa nyuma, mifuko imetuna
bidhaa isiyo na mnunuzi.
Bibi mmoja akauliza makaburi ya shimo la kumi na mbili,
yale tuliyozungushiwa kamba:
nani sasa ataifungua?
Mtu akakohoa. Kikao kikaisha.

Maana wote tumeyaona mawe.
Alfajiri ya juzi, kando ya la tisa,
mawe matatu yamepakwa rangi nyekundu,
mbichi bado,
na nyayo za viatu ambavyo si vyetu.
Majani yakiondoka, majumba.
Na majumba yakija, ukuta utapanda,
na mfereji utabaki upande gani?

Mimi sina cheo. Nina ufunguo wa banda
na lita mbili za petroli
zisizomo kwenye orodha yao.
Leo asubuhi nimeitoa mashine.
Sikukata la kwanza, wala la pili.
Nimekata njia, ile ya zamani,
kutoka kwa Mize mpaka pwani,
inapita katikati ya la nne bila kuomba radhi,
upana wa wanawake wawili wenye magunia.
Nikageuza, nikapanda na mteremko
mpaka petroli ikaniishia kwenye la saba.

Mama alikuwa keshafika, na jembe.
Ameing'oa bendera, ameilaza kwa adabu
kama mtu anayemlaza mtoto wa jirani.
Akapiga magoti, akatia mkono shimoni,
akatoa udongo kidogo, akaunusa.
"Umechoka huu," akasema. "Wameutia dawa nyingi."

Kisha, bila kunitazama,
akanyoosha mkono nyuma
nimpe pingili ya kwanza.